Mpira kwenye simu, bili kwa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu ukikaribia kuanza, maswali ni yale yale. Kwa nini king'amuzi hakitoshi tena? Kwa nini ligi fulani imehamia kwenye programu ya simu? Kwa nini inaganda dakika ya 89? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoielewa biashara hii. Ukiona narudi mara kwa mara kwenye jambo moja, yaani nani anamlipia nani, hujakosea. Ndilo lenyewe.

Kurusha mechi mtandaoni si nafuu kuliko setilaiti?

Wengi wanadhani hivyo kwa sababu hawaoni dishi. Lakini sehemu kubwa ya gharama haina uhusiano na dishi. Kamera ni zile zile, gari la matangazo ni lile lile, watangazaji wanakula na kulala Mwanza au Mbeya vile vile. Na haki za matangazo, ambazo ndizo mzigo mkubwa kuliko yote, bei yake haipungui eti kwa sababu wewe unaangalia kwenye simu.

Tofauti iko kwenye kufikisha picha. Setilaiti ni kama mvua: ikinyesha, mwenye pipa na mwenye kikombe wote wanakinga, na wingu halipungukiwi kitu. Mtazamaji wa milioni moja hamgharimu mrushaji hata senti. Mtandao ni mkokoteni wa muuza maji. Kila nyumba inapelekewa madumu yake, na wateja wakiongezeka, mikokoteni nayo iongezeke.

Hesabu ni rahisi. Picha nzuri ya mpira inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni GB 2.25. Mechi pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza inakaribia GB 4 kwa mtu mmoja. Tuseme kampuni inalipa shilingi 20 kwa kila GB inayosafirishwa (namba hii ni ya mfano tu). Watazamaji 500,000 wanakuwa bili ya shilingi milioni 40 kwa mechi moja, kabla hujamlipa mpiga picha hata mmoja. Kwa setilaiti, bili ya kupeleka ile mechi ni moja, waangalie watu kumi au milioni kumi.

Basi mbona matajiri wanakimbilia huko?

Kwa sababu watu wanaihama televisheni, na mpira ndio kitu pekee ambacho bado wanakiangalia wote kwa wakati mmoja. Tamthilia unaweza kuiweka hadi Jumapili. Mechi ya jana ukishajua matokeo imekwisha ladha. Mwaka 2023 nchini Marekani, kati ya vipindi 100 vilivyoangaliwa zaidi kwenye televisheni, 93 vilikuwa mechi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Mwenye kutaka macho ya Wamarekani hana pengine pa kwenda.

Ndiyo maana Amazon inalipa takribani dola bilioni 1 kwa mwaka kwa mechi za Alhamisi za NFL tangu 2022, na YouTube takribani dola bilioni 2 kwa mwaka kwa kifurushi cha mechi za Jumapili tangu 2023. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, nayo imeingia msimu wa 2025/26 na mkataba wa miaka 11 wenye thamani ya takribani dola bilioni 76, Amazon ikiwa mmoja wa wanunuzi watatu.

Lakini hawa si watu wa televisheni. Amazon inauza sabuni, viatu na uanachama wa Prime. YouTube inauza matangazo. Mechi kwao ni kama pilau ya bure dukani siku ya ufunguzi: haiuzwi, inaleta wateja. Kampuni inayoishi kwa kuuza mpira peke yake, ikishindana kwenye mnada na watu wa namna hiyo, lazima itoke jasho. Na mwenye pilau akiona wateja hawanunui sabuni, anafunga jungu na kuondoka bila kinyongo. Waingereza wameliona hilo. Amazon ilikuwa na mechi 20 za Ligi Kuu ya England kwa msimu tangu 2019, na ilipofika 2025 ikaondoka. Mkataba mpya wa 2025 hadi 2029, pauni bilioni 6.7, umerudi kwa Sky na TNT Sports, watu wa televisheni.

Zamani nani alikuwa analipia mpira?

Bibi yako asiyejua kuotea ni nini.

Sitanii. Televisheni ya kulipia Marekani ilijengwa juu ya furushi: chaneli 100 na zaidi kwa bei moja, utake usitake. Kila nyumba yenye kebo ilichangia ESPN, chaneli ya michezo, dola kadhaa kila mwezi, hata kama mwenye nyumba anaangalia mapishi tu. ESPN ilifika karibu nyumba milioni 100 kwa utaratibu huo, na ndizo pesa zilizopandisha mishahara ya wachezaji hadi ilipo leo. Wasiopenda mpira waliwalipia wanaoupenda.

Mtandao umelifungua furushi. Mpenda mapishi amechukua mapishi yake akaenda, na bili yote imebaki kwa shabiki. ESPN ilipoanza kujiuza yenyewe mtandaoni tarehe 21 Agosti 2025, bei ilikuwa dola 29.99 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya chaneli za michezo bibi akishajitoa kwenye mchango.

Walioumia mapema ni wenye chaneli za mikoani. Diamond Sports, iliyokuwa na haki za timu nyingi za mpira wa kikapu, besiboli na magongo ya barafu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Machi 2023 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 8.

Kuna ligi iliyojaribu kuhamia mtandaoni ikaungua?

Ufaransa. Hapa naomba nichukue nafasi, maana kisa hiki kina kila kitu.

Mwaka 2018 ligi ya Ufaransa ilipiga mnada haki za kuanzia 2020. Kampuni ya Kihispania, Mediapro, ikaahidi takribani euro milioni 800 kwa mwaka. Canal+, televisheni ya kulipia iliyokuwa imeibeba ligi ile tangu miaka ya 1980, ikaachwa nje ya mlango. Viongozi wa klabu walifurahi, wakaanza kutumia pesa ambayo haijaingia. Mediapro ikafungua chaneli yake, Téléfoot, Agosti 2020. Oktoba ikagoma kulipa. Desemba wakaachana. Februari 2021 chaneli ikafa.

Amazon ikaingia 2021 ikachukua mechi 8 kati ya 10 za kila wiki kwa euro milioni 250 tu kwa mwaka. Canal+, iliyokuwa inatakiwa kulipa milioni 332 kwa zile mechi mbili zilizobaki, ilikasirika, na ni nani asingekasirika? Ugomvi ule ndio ulioifukuza ligi kutoka kwa mteja wake wa miaka mingi.

Ukaja mnada wa 2024. Ligi ilitaka euro bilioni 1, ikaambulia kama nusu yake. DAZN, kampuni ya mtandaoni ya Uingereza, ikachukua mechi 8 kati ya 9 kwa milioni 400 kwa mwaka, ikaweka bei ya euro 29.99 kwa anayejifunga mwaka mzima na 39.99 kwa asiyejifunga. Piga hesabu: kurudisha milioni 400 kwa bei ya 29.99 unahitaji watu milioni 1.1 wanaolipa miezi yote 12, na hapo hujatoa kodi, hujalipa kamera. DAZN yenyewe ilikuwa inataka milioni 1.5. Hawakuja. Mashabiki waliona bei ni kejeli, na wengi wakahamia kwenye chaneli za wizi za Telegram kuanzia wikendi ya kwanza. Msimu haujaisha, pande mbili zikaanza kuvutana juu ya malipo, na mkataba wa miaka mitano ukafa ukiwa na mwaka mmoja.

Agosti 2025 ligi ikaamua kuuza duka lake yenyewe: Ligue 1+, euro 14.99 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka. Ndani ya wiki chache ikapita wateja milioni moja, na magazeti yakashangilia. Mimi nilichukua kalamu. Milioni moja mara 14.99 mara 12 ni euro milioni 180, kabla ya kodi na gharama. DAZN iliahidi milioni 400. Duka ni lako, wateja wamejaa, na bado droo ina chini ya nusu ya ulichokuwa umeahidiwa. Klabu zilikubali kuanza na pesa pungufu kwa matumaini kwamba duka litakua. Huenda likakua. Lakini wachezaji wanataka mshahara mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ni bora kutoza au kutoa bure?

India walijaribu bure. Haki za ligi ya kriketi ya IPL za 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa mafungu, televisheni peke yake na mtandao peke yake. Televisheni ilikwenda kwa rupia bilioni 235.75. Mafungu ya mtandao ndani ya India yalifika bilioni 237.58. Kwa mara ya kwanza simu ilizidi televisheni kwenye mashindano makubwa ya nchi ile. Kisha mnunuzi, Viacom18, akafungua milango: msimu wa 2023 ukaonyeshwa bure kwenye JioCinema, huduma yake ya mtandaoni.

Washindani wakafuata. Fainali ya Kombe la Dunia la kriketi tarehe 19 Novemba 2023 iliangaliwa na watu milioni 59 kwa wakati mmoja kwenye Disney+ Hotstar, bure kwa wenye simu. Nani alilipa? Watangazaji wa biashara. Ila hata India, yenye watu bilioni moja na ushee, matangazo hayakutosha kubeba mzigo kwa raha. Wapinzani hao wawili wakaunganisha huduma zao kuwa JioHotstar Februari 2025, na mlango wa bure ukaanza kurudishwa taratibu. Wakiwa wawili wanagombania mteja, mteja anakula bure. Akibaki mmoja, anatoa risiti.

Na Apple na Messi?

Mkataba wa MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, na Apple ulianza 2023, miaka 10, angalau dola bilioni 2.5. Messi alitua Inter Miami mwaka huo huo na wateja wakaongezeka. Hata hivyo kifurushi cha pembeni cha ligi kimefutwa kuanzia 2026, mechi zimeingizwa ndani ya Apple TV ya kawaida, na mkataba umefupishwa. Tafsiri yangu: hata ukiwa na Messi, ukiificha ligi nyuma ya malipo mawili, watakaokuona ni wale waliokupenda tangu zamani.

Ligi Kuu ya Tanzania iko wapi kwenye haya yote?

Mei 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa wastani ni bilioni 22.56 kwa mwaka. Ukigawa sawa kwa timu 16 (haigawanywi sawa, lakini tuseme) ni kama bilioni 1.4 kwa timu. Kwa Simba au Yanga hiyo ni sehemu tu ya bajeti. Kwa timu ya mkoani isiyo na mdhamini mnene, ndiyo nauli, ndiyo hoteli, ndiyo mshahara.

Azam ina king'amuzi na ina programu ya simu, na hizi mbili hazigombani. King'amuzi ndicho kinachobeba nyumba. Programu inamfuata mtu ambaye king'amuzi hakimfikii: mlinzi aliye zamu ya usiku, mwanafunzi wa hosteli, na zaidi ya wote Mtanzania aliye Muscat au Minneapolis ambaye huwezi kumpelekea fundi wa dishi. Huyo wa nje analipa kwa fedha ya kule na intaneti ya nyumbani kwake haina kikomo. Kwa maoni yangu ndiye mteja bora wa mtandaoni ambaye ligi yetu inaye.

Tatizo ni lile lile la Ufaransa kwa kipimo chetu: mteja wa msimu. Watu wanalipia mwezi wenye dabi, kisha kimya. Waulize waliolipia kwa ajili ya tarehe 8 Machi 2025. Dabi ikaahirishwa siku ile ile, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Kifurushi cha Machi kilikuwa kimeshazikwa zamani.

Klabu kubwa haziwezi kuuza mechi zao zenyewe?

Hispania waliruhusu. Real Madrid na Barcelona walijiuzia wenyewe kwa miaka mingi, wakachukua fungu la simba, na timu ndogo zikabaki na mifupa, mpaka sheria ya 2015 ilipolazimisha kuuza kwa pamoja. Dabi inahitaji timu mbili, ni kweli, lakini ligi inahitaji 16. Simba akijiuzia mwenyewe, mechi yake na timu ya mkoani ni mali ya nani? Siku mtakaponijibu hilo, tutaendelea.

Kibanda umiza kitakufa?

Wachumi wakija Tandale wataandika kurasa nyingi juu ya kibanda umiza, na sisi tunakiita kibanda tu. Benchi za mbao, televisheni mbili, king'amuzi kimoja, kiingilio cha sarafu mkononi, watu 80 wanapumua hewa moja. Kile ndicho furushi letu. Marekani waliwachangisha wasiopenda mpira. Sisi tumechangishana wanaoupenda, kidogo kidogo, kwa mechi moja, bila mkataba wa mwezi.

Kwa mwenye haki ni maumivu, maana anauza kifurushi cha nyumbani kimoja na kinaangaliwa na mtaa mzima. Lakini wale 80 wasingenunua vifurushi 80. Wangesikiliza redio. Programu za simu zilikuja na wazo la kumfuata mmoja mmoja. MultiChoice ilizindua upya Showmax Februari 2024, ikiwa na kifurushi cha Ligi Kuu ya England cha simu peke yake, bei ndogo kuliko king'amuzi. Wazo zuri kwenye karatasi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Showmax ilipata hasara ya uendeshaji ya randi bilioni 4.9.

Nadhani walikosea mpinzani. Walidhani wanashindana na king'amuzi, kumbe wanashindana na benchi. Kwenye benchi kuna kelele, kuna utani, kuna mzee wa kibanda anayejua kikosi cha 1993 kwa majina. Simu ya inchi sita na bando linalohesabika haikuletei huyo mzee.

Bando linakula kiasi gani, na pesa yake inaenda wapi?

Kwa picha ya wastani, megabiti 1 kwa sekunde, ni kama MB 450 kwa saa, yaani kama MB 800 kwa mechi. Kwa picha safi ni zile GB 4 nilizosema juu. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua ubora wa picha. Ukiacha ijichagulie, itakunywa yote.

Pesa ya bando inakwenda kwa kampuni ya simu, si kwa ligi wala klabu. Hapa ndipo ninapolalamika. Mwenye dishi akishalipa kifurushi, dakika ya 1 na dakika ya 90 bei ni moja. Mwenye simu analipa mara mbili, kifurushi cha mpira na bando la kuuona, na mara nyingi la pili ndilo linalouma. Shabiki anaposema mpira wa mtandaoni ni ghali, nusu ya kilio chake hakimhusu mwenye mpira kabisa.

Kwa nini jirani anashangilia bao kabla sijaliona?

Kwa sababu yeye ana dishi. Picha ya mtandaoni inakatwa vipande vya sekunde chache, inahifadhiwa kidogo kwenye simu yako isigande, ndipo inaonyeshwa. Unaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi. Kama una mkeka wa mechi inayoendelea, usiutegemee: kampuni ya kubeti imeshaliona bao, wewe bado unaona mpira wa kurusha.

Na kuganda?

Watu wengi kuingia kwa mpigo. Hata wakubwa yanawakuta: pambano la Tyson na Jake Paul la Novemba 2024 lilifikisha mitiririko milioni 65 kwa wakati mmoja, na Netflix ikaganda kwa watazamaji wengi. Mimi niliwahi kugandiwa na penalti. Mpigaji amerudi nyuma hatua tatu, kikaduara kinazunguka, na nje mtaa mzima unapiga kelele. Nilijua limeingia. Sikujua la nani.

Kwa nini mechi nyingine zimefungwa kwa nchi yangu?

Haki zinauzwa nchi kwa nchi. Wakati mwingine tunafaidi sisi. England ina zuio la kuonyesha mpira Jumamosi kati ya saa 8:45 na saa 11:15 mchana kwa saa zao, ili watu waende viwanjani. Mkazi wa Manchester haoni mechi ya saa tisa kihalali kwenye televisheni. Wewe wa Temeke unaiona, saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, ukiwa na miwa mkononi.

Viungo vya wizi vina ubaya gani, si ni matajiri tu wanaoibiwa?

Mwaka 2023 mahakama ya Uingereza iliwafunga watu watano, jumla ya zaidi ya miaka 30, kwa kuuza matangazo ya wizi kwa wateja zaidi ya 50,000. Kwa hiyo wauzaji wa wizi nao ni matajiri. Kwa ligi ya England pengo lile ni dogo. Kwa ligi ya bilioni 22 kwa mwaka, siku mkataba unapojadiliwa upya, mnunuzi anahesabu wateja wanaolipa, na wewe wa kiungo cha Telegram haumo kwenye hesabu hiyo.

Mwisho: ninunue kifurushi cha king'amuzi au cha simu?

Kama nyumbani mko watatu na kuendelea na mnaangalia kila wiki, king'amuzi. Bei ya mwezi igawe kwa vichwa. Kama uko peke yako, unahama hama, au kazini kuna Wi-Fi ya bosi, simu. Kama unaangalia dabi na fainali tu, nenda kibandani, ufike mapema, benchi la mbele huwa limejaa saa moja kabla.